Istikhara usiku sita, na jibu bado sijaliona

*"Sheikh, assalaamu alaykum. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Wete, Pemba, na mama yangu na mdogo wangu wa kiume anayesoma Kidato cha Nne. Baba ameshafariki. Nina diploma ya uhasibu. Nimepata kazi ya mkataba wa mwaka mmoja katika ofisi ya hesabu ya hoteli moja Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na wakati huohuo nimekubaliwa chuo kikuu Unguja kuendelea na shahada, ila mkopo bado sijui kama nitapata. Hoteli wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeswali istikhara usiku sita mfululizo. Usiku wa tatu niliota nimo ndani ya boti, bahari imechafuka na mimi nalia. Mama anasema hiyo ndiyo ishara, nisivuke. Shangazi anasema istikhara yangu haikutimia kwa sababu sikufikisha usiku saba, na kwamba yupo mwalimu anayetazamia kwa kitabu, kwa shilingi 50,000 atanipa jibu palepale. Moyo wangu unaipenda kazi kwa hali ya nyumbani ilivyo, lakini naogopa kumkosea Mungu. Nitajuaje anataka nifuate njia ipi?"*

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Nikiyasoma maneno yako naona khofu mbili zimekaa pamoja. Ya kwanza, kwamba Mwenyezi Mungu ameshakujibu kwa ile ndoto na wewe unajitia hukuelewa. Ya pili, kwamba hajakujibu kwa kuwa kuna sharti limekupita. Zote mbili zinatoka kwenye dhana moja ambayo wengi wetu tumekua nayo: kwamba istikhara ni swali linaloulizwa usiku, na asubuhi jibu liwe limeshafika. Istikhara ni dua ya kuomba kuchaguliwa. Unamkabidhi Mola wako jambo ulilokwisha kulikusudia, unamwomba alipitishe likiwa na kheri na aliondoe likiwa na shari. Kuoneshwa mapema litakuwaje hakumo katika ombi hilo.

Turudi kwenye asili yake. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia, na Bukhari ameipokea, kwamba Mtume (S.A.W.) akiwafundisha masahaba istikhara katika mambo yote kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Akisema: mmoja wenu anapokusudia jambo, aswali rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha aseme:

*Allaahumma innii astakhiiruka bi'ilmika, wa astaqdiruka biqudratika, wa as-aluka min fadhlikal-'adhiim, fa innaka taqdiru walaa aqdir, wa ta'lamu walaa a'lam, wa anta 'allaamul-ghuyuub. Allaahumma in kunta ta'lamu anna haadhal-amra khayrun lii fii diinii wa ma'aashii wa 'aaqibati amrii, faqdurhu lii wa yassirhu lii, thumma baarik lii fiih. Wa in kunta ta'lamu anna haadhal-amra sharrun lii fii diinii wa ma'aashii wa 'aaqibati amrii, fasrifhu 'annii wasrifnii 'anhu, waqdur liyal-khayra haythu kaana, thumma ardhinii bih.*

Maana yake: Ewe Mola, nakuomba unichagulie kwa ujuzi Wako, na unipe uwezo kwa uwezo Wako, na nakuomba katika fadhila Zako kubwa, kwani Wewe unaweza nami siwezi, Wewe unajua nami sijui, na Wewe ndiye Mjuzi wa yaliyofichika. Ewe Mola, ikiwa unajua kwamba jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, basi nikadirie, nifanyie wepesi, kisha nibarikie ndani yake. Na ikiwa unajua kwamba jambo hili ni shari kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, basi liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo.

Soma tena polepole. Hamna kulala ndani yake, hamna ndoto, hamna rangi nyeupe wala nyeusi, hamna hesabu ya masiku. Kuna kukadiriwa, kufanyiwa wepesi, kubarikiwa, kuepushwa na kuridhishwa. Na hapo kwenye kuepushwa, angalia kwamba maombi ni mawili. La kwanza jambo liondoke kwako. La pili wewe uondoke kwalo. Mtu anaweza kukosa kazi na moyo wake ukabaki pale mlangoni miaka mitatu, kila siku anajiuliza "lau ningelipata". Huyo jambo limeepushwa naye, yeye hajaepushwa nalo. Dua hii inaomba yote mawili, na ndiyo maana inamalizia kwa kuomba ridhaa. Wengi wanaoniambia istikhara yao haikujibiwa, ukiwadadisi utakuta jambo lilifungwa waziwazi. Kilichobaki ni moyo kutolikubali.

Sasa kuhusu namna ulivyoswali. Hukunieleza, kwa hiyo nayaweka yote. Rakaa ni mbili za sunna, kwa nia ya istikhara. Imam Nawawi amependekeza kusoma Al-Kaafirun katika rakaa ya kwanza na Al-Ikhlas katika ya pili baada ya Al-Faatiha. Ukisoma sura nyingine hapaharibiki kitu. Ukishatoa salamu, mhimidi Mwenyezi Mungu, mswalie Mtume, kisha soma dua. Kama hujaihifadhi, isome kwenye karatasi au kwenye simu, maana umeshatoka ndani ya swala. Si lazima iwe usiku wala baada ya kuiswali ulale bila ya kusema na mtu. Unaweza kuiswali saa nne asubuhi kabla ya kuingia jikoni. Nyakati za kuepuka, kwa madhehebu ya Shafi yaliyoenea kwetu, ni baada ya kuswali Alfajiri mpaka jua litoke na kupanda kidogo (ngoja kama dakika 15 hadi 20 baada ya kuchomoza), jua linapokuwa katikati ya mbingu isipokuwa siku ya Ijumaa, na baada ya kuswali Alasiri mpaka magharibi. Kama nyumbani kwenu mnafuata Ibadhi, muulizeni mwalimu wenu mipaka ya nyakati hizo. Ukiwa katika hedhi, dua peke yake inakutosha. Usiache siku zikakupita kwa kungojea twahara ilhali jibu la kazi linatakiwa.

Pahala watu wengi wanapokosea ni kwenye maneno "haadhal-amra", yaani jambo hili. Hapo ndipo unapolitaja jambo lenyewe, kwa moyo au kwa ulimi, na kwa Kiswahili hakuna tabu. Nadhani wewe ulikuwa unasema moyoni "kazi au chuo", mambo mawili kwa pamoja. Dua inasema "likiwa kheri nipitishie, likiwa shari niepushe". Ukitia mawili ndani yake haijulikani ni lipi unaloomba lipitishwe na lipi liondolewe. Hadithi inasema "anapokusudia jambo", kwa hiyo chukua lile ulilolielekea zaidi baada ya kufikiri na kushauriana, ulitaje hilo peke yake: "kwenda kufanya kazi ya mwaka mmoja Nungwi". Likifungika, unageukia la pili na kuliswalia lake.

Nije kwenye ndoto. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba ndoto ni za namna tatu: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, ya kuhuzunisha itokayo kwa shetani, na yale mtu anayozungumza na nafsi yake mchana yakamjia usingizini. Wewe ni mtoto wa Pemba unayewaza kuvuka bahari kwenda kuishi peke yako. Mwezi wa Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander I karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ulikuwa mtoto mdogo, na khabari zile umekua nazo kama walivyokua nazo wenzako wote. Ungeota nini kama si boti na bahari chafu? Ndoto ya kutisha ina adabu zake: unajikinga kwa Mwenyezi Mungu na shari yake, unatema mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, unageuza ubavu, na humsimulii mtu. Hukumu ya maisha yako haijengwi juu yake. Hata ungeota uko kwenye bustani ya Nungwi unacheka, ningekwambia hivihivi. Ndoto njema inafurahisha moyo. Mkataba unasomwa ukiwa macho.

Usiku saba wa shangazi yako una asili, hakuutunga yeye. Kuna riwaya iliyonasibishwa na Anas (r.a.) inayotaja kufanya istikhara mara saba kisha kutazama moyo umeelekea wapi. Lakini sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, ni dhaifu sana, na Ibn Hajar, mwanachuoni wa hadithi, amelisema hilo. Kukariri dua si vibaya, kwa sababu dua ni ibada na Mtume alikuwa akikariri dua mara tatu. Lakini mtu kusema istikhara ya mara moja haikutimia, huko ni kuongeza sharti ambalo halikuwekwa. Usiku wako wa kwanza ulitosha. Na ukiona unarudia kwa sababu jibu unalolihisi hulipendi, simama hapo, maana umeshatoka kwenye kuomba kuchaguliwa na umeingia kwenye kubembeleza.

Ama mwalimu wa 50,000, hapa sina maneno ya kupindapinda. Usiende. Anayefungua kitabu akahesabu herufi za jina lako na la mama yako, anayepiga bao, anayetazama nyota, au hata anayefungua msahafu bila ya mpango akasoma aya ya kwanza iliyoangukia macho yake kama jawabu lako, wote wanafanya jambo la namna moja: kudai kujua ghaibu. Waarabu wa zamani walikuwa na mishale ya kupigia ramli wanapotaka kusafiri au kuoa, na Qur'ani imeiharamisha katika Suratul Maaida, aya ya 3 na ya 90. Wanavyuoni wamesema istikhara ilikuja kushika nafasi ya mishale ile. Sasa vipi uswali istikhara usiku kisha asubuhi urudi kwenye mishale kwa sura nyingine? Imam Muslim amepokea hadithi kwamba anayemwendea mtabiri akamuuliza kitu, haikubaliwi swala yake masiku 40. Kuwa msahafu uko mezani na ubani unafuka hakubadilishi hukumu. Mwambie shangazi kwa adabu, usimvunjie heshima mbele za watu. Huenda hajui, na nia yake kwako ni njema.

Sasa moyo. Umesema unaipenda kazi, na unaona haya kulisema. Kupenda si dhambi. Nawawi amesema baada ya istikhara mtu aendee lile lililomkunjukia kifuani, na Ibn Hajar akaongeza tahadhari ambayo nataka uishike: asifuate mkunjuko wa jambo alilokuwa na matamanio makali nalo kabla hajaswali. Sababu iko wazi. Ukiingia kwenye swala umeshaamua, utakachokisikia ni sauti yako mwenyewe. Basi kabla ya kuiswali tena, kaa kidogo ujipime: lau kesho hoteli wangekupigia simu kwamba nafasi imechukuliwa, je, ungeweza kusema alhamdulillahi na ukaendelea? Kama huwezi kabisa, shughulika na hilo kwanza.

Na kuna jambo lingine linalotangulia istikhara, nalo halikutajwa katika barua yako: kazi yenyewe ni halali? Istikhara haiswaliwi kwa jambo la wajibu wala la haramu, kwa sababu hayo yameshachaguliwa. Inaswaliwa kwa la mubaha, yaani lililoruhusiwa bila ya kuamrishwa, au ukiwa na mema mawili na huwezi kuyashika yote. Hoteli nyingi za Nungwi zina baa. Mtume (S.A.W.) amewalaani watu kumi katika pombe, ndani yao mwenye kuiuza, mwenye kuibeba na mwenye kula thamani yake. Msichana anayelipa mishahara ya wafanyakazi na kuandika bili za maji na umeme yuko mahali tofauti na yule ambaye kila jioni anapokea hesabu za baa na kuagiza katoni mpya. Baina yao pana mambo yenye shaka, na wanavyuoni wanakhitilafiana. Mimi siwezi kukutolea hukumu bila ya kuona unachoandikiwa kukifanya. Omba kwa maandishi orodha ya majukumu yako. Uliza kama inawezekana manunuzi ya baa yashikwe na mwenzako. Jibu la hapo linaweza kukumalizia shughuli yote kabla hujatandika mswala.

Kisha shauri. Qur'ani katika Suratu Aali Imraan, aya ya 159, imepanga: washauri, ukishaazimia, mtegemee Mwenyezi Mungu. Tazama Mtume alivyoshauri. Fatima bint Qays (r.a.) alimwendea akamwambia ameposwa na Muawiya na Abu Jahm. Hakumwambia nenda kaote. Alimpa khabari: Muawiya ni fukara hana mali, Abu Jahm fimbo haishuki begani mwake, olewa na Usama. Fatima mwanzo hakupenda, kisha akakubali, na akaja kusema kwamba Mwenyezi Mungu alitia kheri nyingi humo. Wewe pia unahitaji khabari za namna hiyo, za wazi, kutoka kwa anayejua. Mtafute msichana wa Pemba aliyefanya kazi katika hoteli hiyo au ya jirani. Muulize mshahara unatoka tarehe ngapi na kama unatoka wote, wafanyakazi wa kike wanalala wapi, nani anashika funguo, msimu wa mvua za masika hoteli zinapokuwa tupu wanapunguza watu au la. Katika mkataba tazama muda wa majaribio, michango ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar), siku za likizo, na kinachotokea ukiacha kabla ya mwaka. Halafu piga hesabu: mshahara, toa chakula na chumba kama hawatoi, toa nauli ya boti unaporudi, ndipo uone kinachobaki cha kumpelekea mama. Watu wanaacha masomo kwa ajili ya kinachobaki bila ya kukihesabu kwanza.

Upande wa chuo, iulize ofisi ya udahili, kwa barua au barua pepe upate jibu la maandishi, kama unaweza kuahirisha kuanza masomo kwa mwaka mmoja bila ya kupoteza nafasi. Na bodi ya mikopo, majina yanatoka lini, na ukiahirisha ombi lako litakuwaje. Ikiwa chuo kinakubali kukungojea, basi hukuwa na njia mbili zinazogombana. Ulikuwa na mwaka huu na mwaka ujao.

Mama yako usimshinde kwa hoja ya ndoto. Mwache aseme anachokiogopa khasa. Ni bahari? Ni wewe kukaa Nungwi bila ya jamaa? Ni yeye kubaki na mtoto wa kiume anayekaribia mtihani? Kila moja ina dawa yake: kukaa na ndugu ikiwa yupo upande ule, kurudi kila baada ya muda mliokubaliana, jirani wa kumtazama. Radhi yake ni katika kheri za dini na maisha unazoziomba ndani ya dua. Lakini khofu yake nayo ni khofu ya mama, si wahyi. Na akitaka kukuswalia istikhara, baadhi ya wanavyuoni wameruhusu. Ila hadithi imemsemesha mwenye jambo, kwa hiyo iliyo bora ni yako, naye akuombee dua.

Ukimaliza hayo, swali, litaje jambo moja, kisha inuka ulifanye. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wameswali, wamekaa, wanangoja. Wepesi unaoomba unauona ukiwa unatembea. Wapelekee jibu, tia mguu kwenye njia, uone. Wala usigeuze kila kikwazo kuwa ishara. Boti kuahirishwa kwa upepo wa kusi ni hali ya hewa. Karatasi kukosa muhuri ni karani. Kufungika kwa jambo kunakuwa na uzito mwingine: nafasi imeondolewa, sharti la haramu limejitokeza ambalo haliondoki, mama kaugua na hana wa kumuuguza. Na wepesi hauna maana ya kutokuwepo taabu. Suratul Baqara, aya ya 216, inasema huenda mkachukia kitu nacho ni kheri kwenu, na huenda mkapenda kitu nacho ni shari kwenu.

Mambo mawili yanataka mtu wa kukaa naye uso kwa uso. La kwanza ni hukumu ya kazi. Mwendee sheikh wa hapo Wete anayejulikana kwa elimu yake, au ukifika Unguja, Ofisi ya Mufti pale Mazizini. Nenda na mkataba na orodha ya majukumu mkononi. Ukienda na maneno matupu utapata jibu la jumla. La pili ni hali yako. Ukiona hulali, chakula hakipiti, unarudia udhu na swala ile ile mara nyingi kwa kushuku haikusihi, au kila unachokiona unakiona ishara, huo ni wasiwasi, na istikhara ya usiku wa saba haitautibu. Nenda hospitali ya Wete ukaonane na daktari, umweleze hivihivi ulivyonieleza mimi. Kuhusu mkataba, unaweza kuwaomba hoteli muda wa wiki moja zaidi. Waandikie leo, kabla tarehe haijakubana.